Kigoma na Ujiji

Sisi wa Murungu, mtu akipeleka maharage Ujiji, tunasema amekwenda Kigoma. Watu wa Ujiji hawapendi kusikia hivyo, nami siwalaumu. Stanley alipomkuta Livingstone pale mwaka 1871, Ujiji ulikuwa mji wa siku nyingi, na Kigoma haikuwa na sifa yoyote. Lakini Wajerumani walitaka bandari yenye kina. Reli ikafika Kigoma mwaka 1914, na biashara ikaifuata.

Chuoni niliwafundisha walimu wanafunzi kuuliza mawili: je, nyumba zimeshikana? Je, watu hulala huku na kufanya kazi kule? Kigoma na Ujiji zilitenganishwa na mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu. Leo ukipita Mwanga, nyumba hazikatiki, na asubuhi magari ya abiria hujaa pande zote mbili. Kwa hiyo manispaa ni moja, Kigoma Ujiji, na sensa ya 2022 iliihesabu kuwa na watu zaidi ya 200,000.

Kuunganishwa sikupingi. Ila mkubwa ametajwa nyuma ya mdogo wake. Mimi ningeanza na Ujiji.