Tumba Tatu, Mtu Mmoja

Huku Marekani, katika ukumbi wa salsa au kanisa lenye bendi, utaziona tumba mbili au tatu zimepangwa juu ya stendi za chuma na nyuma yake mtu mmoja. Ndogo ya sauti kali, ya kati, na kubwa ya besi, zote mikononi mwake. Mpangilio huo umeshafika nyumbani Kenya, na kamati ya kwaya ya Embu au Meru ikichanga pesa za vyombo, seti ya tumba huwa karibu na kinanda kwenye orodha. Wengi wetu tulioko ng'ambo huuona kuwa ni maendeleo. Ngoma za Chuka nazo tunazikumbuka kwa sherehe za kitaifa, vijana waliovalia manyoya wakimpokea mgeni wa Rais. Nadhani tumezipima ngoma hizi mbili kwa mizani isiyo sawa. Seti ya tumba ilizaliwa na uhaba, na aliyeinakili bila kuwa na uhaba huo amenunua dawa ya ugonjwa asiougua.

Tuanze na Chuka, katikati ya barabara ya Embu na Meru, ng'ambo ya Mto Thuci. Ngoma ya watu wa huko ni ndefu na nyembamba, imewambwa ngozi upande mmoja, na mpigaji huibana kwa mapaja, imelala mshazari, mikono yote miwili ikiwa huru juu ya ngozi. Hapo ndipo siri ilipo. Ngoma iliyobanwa kwa mapaja haiwezi kuwa mbili. Ukitaka sauti ya pili, mlete mtu wa pili, naye aje na miguu yake, maana mpigaji wa Chuka hucheza huku akipiga: hujongea, huinama, huruka, na ngoma huenda naye. Safu nzima hugeuka pamoja kwa ishara ya kiongozi. Tusiseme basi kwamba babu zetu hawakuwaza kuziweka ngoma tatu mbele ya mtu mmoja. Umbo la ngoma lenyewe linakataa, na nadhani lilichongwa likatae. Waluhya wa Isukha na Idakho wana mpango unaofanana katika isukuti: ngoma tatu za ukubwa tofauti, zinazoitwa baba, mama na mtoto, kila moja na mwenyewe. UNESCO iliiandikisha isukuti mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka.

Sasa twende Kuba, maana tumba zina ukoo wa kwetu. Zilitokana na ngoma za watumwa waliotoka eneo la Kongo, kama makuta na yuka, na katika rumba ya mtaani huko Matanzas na Havana kila ngoma ilikuwa na mpigaji wake. Kwenye maandamano ya kanivali ziliningʼinizwa begani kwa mkanda, zikatembea. Ilikuwaje zikaketi? Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa mpiga tumba Cándido Camero, aliyefariki mwaka 2020 akiwa na miaka 99. Mwaka 1946 alikwenda Marekani kuwapigia wachezaji wawili, Carmen na Rolando. Onyesho lao lilihitaji wapiga ngoma wawili, lakini fedha zilimtosha mmoja tu, hivyo Cándido akazipiga sehemu zote mbili peke yake. Baadaye akawa miongoni mwa wa kwanza kuzipanga tumba tatu zilizokazwa kwa sauti mbalimbali na kupiga nyimbo juu yake. Ustadi wake hauna mjadala, ila chanzo chake ni nauli iliyopungua. Hata kiwanda kilichozisambaza ngoma hizi duniani kina hadithi ya namna hiyo: Marekani ilipoiwekea Kuba vikwazo, ngoma za huko zikaadimika New York, na Martin Cohen akaanza kutengeneza za kwake. Kampuni ya Latin Percussion ikaanzishwa mwaka 1964. Tunachokiita kisasa kilikuwa suluhisho la watu waliokosa mwenzao wa kupiga naye, na kisha wakakosa ngoma yenyewe.

Atakayenipinga kwanza atataja ngozi, na ana haki. Upande wa mashariki wa Mlima Kenya hunyeshewa misimu miwili kwa mwaka, na Julai ukungu hushuka hadi mashambani. Ngozi hunyonya unyevu ikalegea, na dawa yake ni moto au jua. Uwanjani unaweza kukoka moto, lakini jukwaani hakuna atakayekuruhusu. Tumba yenye pete ya chuma na skurubu hukazwa kwa spana dakika moja, kazi ikaendelea. Hilo nalikubali lote, bila masharti. Ila pete ya chuma ni kitu kimoja, na kumkabidhi mtu mmoja ngoma tatu ni kitu kingine. Ngoma ya jembe ya Guinea na Mali inatuonyesha hivyo: siku hizi hukazwa kwa pete za chuma na kamba imara, imeuzwa dunia nzima, na bado kila mpigaji ana jembe yake. Fundi anayechonga muringa, mti uleule wa mizinga ya nyuki, anaweza kuifungia ngoma ya Chuka pete na skurubu kesho asubuhi bila kumnyima mtu nafasi yake kwenye safu. Tatizo pekee ni uzito, kwa sababu chuma kikizidi mapaja hayatahimili, na hilo ni suala la fundi.

Wa pili atasema watu nao wamekwisha. Vijana wako Nairobi, wako Qatar, wako huku tuliko. Mwenye harusi hawezi kulipa wapiga ngoma kumi ilhali mmoja mwenye tumba na kinanda kando yake anatosha. Hoja hii ni nzito kuliko ya kwanza, na kwa bendi ya hoteli sina jibu: penye malipo, kila kichwa ni gharama. Basi tuseme hivyo, kwamba ni suala la pesa, tuache kulipaka rangi ya maendeleo. Kanisani kwenyewe hesabu ni nyingine kabisa. Pale hakuna anayelipwa, na vijana wa Jumapili wamejaa hadi kwenye ngazi. Kumchagua mmoja mwenye kipaji akae nyuma ya tumba tatu, wengine wapige makofi, ni kujitengenezea uhaba pasipo na uhaba.

Tena kuna suala la kujifunza, ambalo huku ng'ambo linaonekana wazi. Safu ina mahali pa asiyejua. Anayeanza hupewa mdundo mmoja rahisi, hurudia hadi uingie mwilini, huku masikio yake yakiwa katikati ya wanaojua. Mwanafunzi wa tumba hapa hukaa peke yake chumbani na video na hulipia masomo kwa saa. Na cha ajabu, Wamarekani wenyewe wameliona pengo. Tangu Babatunde Olatunji, Mnigeria aliyetoa albamu ya Drums of Passion mwaka 1960, awafundishe kupenda ngoma za Afrika, wamekuwa wakikusanyika kwenye bustani na kumbi, kila mtu na ngoma yake, na wengine hulipa kiingilio. Wananunua wingi ambao sisi tunaupunguza.

Kuna watakaosema kwamba hata ngoma ya Chuka imeshageuzwa onyesho, kwa Tamasha la Muziki la Kenya lililoanza mwaka 1927 na kwa Bomas of Kenya iliyofunguliwa mwaka 1973. Ni kweli, na jukwaa limeifupisha. Lakini halikuivunja safu, na mtoto wa shule anayepanda kushindana hupanda na wenzake.

Kwa hiyo kamati ambayo tayari imenunua tumba tatu haina haja ya kuzirudisha dukani. Iziweke kwa upana kidogo na isimamishe vijana watatu. Fundi mitambo asilalamike: seti ya mtu mmoja ilimdai maikrofoni tatu, na ya watu watatu inamdai tatu zilezile.