Jinsi Pingi alivyojifunza kulala (na majirani wakalala pia)

Leo tunaweka kando mambo ya seva na hifadhidata. Tangu nichukue mtoto wa mbwa, marafiki kadhaa wameniuliza swali lile lile: unamfanyaje alale ndani ya kizimba usiku kucha bila kuamsha mtaa? Nitajibu kama programa, maana ndivyo nilivyolitatua.

Kwanza mazingira. Ninaishi Buruburu, kwenye zile nyumba ndogo za kupangisha ambazo wenye nyumba wamejenga uani, zile tunaziita ekstensheni. Mtaa wenyewe ulijengwa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, kila kiwanja kikiwa na nyumba ya familia moja. Leo kwenye kiwanja chetu tuko familia nne. Kati yangu na jirani kuna ukuta wa tofali moja, na upande wa pili wa ukuta huo kuna mtoto wa miezi minne na mama yake, ambaye alikuwa amerudi kazini wiki hiyo hiyo.

Ushauri wa zamani unaosikika sana ni huu: mfungie, mwache alie, atachoka mwenyewe. Labda unafaa kwa mtu mwenye bustani pande zote nne. Huku Eastlands, gharama ya kilio analipa jirani. Hata sheria iko upande wake: kanuni za kelele za mwaka 2009 zimeweka kiwango cha usiku katika makazi kuwa desibeli 35. Simu yangu si kifaa cha maabara, lakini niliposhika ile programu ya kupima sauti karibu na kizimba, ilipita 80.

Usiku wa kwanza Pingi (jina nimelitoa kwenye ile amri ya kuuliza kompyuta nyingine kama iko hai) alilia mara tatu. Alikuwa na wiki nane. Asubuhi ya Jumapili mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni.

"Kijana, huyo mbwa amelia mpaka alfajiri."

"Pole sana, Mama."

"Mtoto wa hapo hakulala, na mama yake kesho anaenda kazini. Nakupa mpaka Jumapili ijayo. Ikishindikana, umrudishe ulikomtoa."

"Sawa, Mama. Nimesikia."

Nimewahi kupewa dedilaini ngumu zaidi, lakini hakuna iliyokuwa na mkia. Nilikomtoa ni Ruai. Ndugu zake walikuwa wameshagawanywa wote, na niliambiwa wazi kwamba akirudi atafungwa mnyororo langoni. Kwa hiyo nilikuwa na siku saba.

Kwa nini analia?

Kabla ya kurekebisha hitilafu, ielewe. Kijibwa wa wiki nane analia usiku kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni haja: kibofu chake ni kidogo, na hapendi kuchafua anapolala. Ya pili ni upweke: mpaka juzi alikuwa analala katikati ya lundo la ndugu zake, joto pande zote. Leo yuko peke yake gizani, Mumias South Road inaunguruma, na kila harufu ni ngeni. Kilio ndicho kifaa pekee alichonacho. Ukimpigia kelele anyamaze, unamwongezea sababu ya tatu.

Kizimba chenyewe

Nilitengenezewa na fundi wa kuchomelea. Aliniuliza kama ni cha kuku au cha sungura, nikamwambia ni cha mbwa wa kulala ndani ya nyumba, akacheka mpaka akaweka chini miwani ya kazi. Kipimo ni rahisi: aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Kikiwa kikubwa mno atalala kona moja na kukojoa kona nyingine, kwa hiyo niliweka kipande cha ubao katikati, ambacho nilikisogeza kadiri alivyokua.

Ndani niliweka blanketi la mtumba, kitambaa nilichokisugua kwa mama yake kule Ruai, na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa taulo. Mchana alikula humo mlango ukiwa wazi. Kisha nikaufunga kwa sekunde kumi, halafu dakika moja, halafu tano. Kizimba hakikuwa jela hata siku moja, na wala sikukitumia kumwadhibu.

Usiku nilikiweka karibu na kitanda, nikilala aweze kunusa mkono wangu. Hili ndilo lililopunguza kilio cha upweke kuliko jambo lingine lolote. Baadaye nilikisogeza kuelekea mlangoni, hatua moja kila siku mbili.

Kibodi ya zamani na ya sasa

Hapa ndipo kazi yetu ilinisaidia. Kibodi za zamani za PS/2 zilikuwa zinamkatiza prosesa. Ukibonyeza herufi, ishara inapita kwenye laini ya IRQ 1 na prosesa anaacha alichokuwa anafanya. Kibodi za USB ziko tofauti: kompyuta ndiyo inaiuliza kibodi kila baada ya milisekunde chache, "una kitu?" Kibodi haipigi kelele, inasubiri kuulizwa.

Usiku wa kwanza Pingi alikuwa PS/2. Nilitaka awe USB.

Nikaweka kengele ya kutetemesha chini ya mto, saa sita na nusu, saa tisa, na saa kumi na moja na nusu, ili nimwamshe mimi kabla hajaniita. Namtoa, nambeba mpaka kwenye karai lenye maranda nje ya mlango, anakojoa, anarudi ndani. Hakuna taa, hakuna mchezo, hakuna hadithi. (Kwa nini karai? Kwa sababu virusi vya parvo hukaa ardhini muda mrefu, na kijibwa ambaye hajamaliza chanjo hapaswi kukanyaga wanapopita mbwa wengine wa koti.)

Akipita usiku mbili bila kulia wala kulowesha blanketi, nasogeza kengele mbele dakika kumi na tano. Akilia mara tu baada ya kurudishwa, najua si haja. Naweka vidole kwenye nondo, nasubiri, simfungulii. Niliandika skripti ndogo ya kurekodi saa kila ninapobonyeza kitufe kwenye simu. Hii ni sehemu ya rekodi:

Usiku wa 1: hakuna kengele. Vilio 3.
Usiku wa 2: kengele 3. Kilio 1, dakika 6.
Usiku wa 4: kengele 3. Kilio 1, dakika 2.
Usiku wa 5: stima ilipotea, mbwa wote wa koti wakabweka. Kilio 1, dakika 4.
Usiku wa 6, 7 na 8: kengele 3. Kimya.
Usiku wa 15: kengele 1, saa nane. Kimya.
Usiku wa 30: hakuna kengele. Alilala saa nne mpaka saa kumi na moja na nusu.

Angalieni usiku wa 8. Pingi bado alikuwa anaamka mara tatu. Kulala usiku kucha kulihitaji mwezi, kwa sababu kibofu hukua kwa kasi yake na hakuna skripti ya kukiharakisha. Lakini mama mwenye nyumba hakuwa amedai kibofu kikomae ndani ya wiki. Alidai mtoto wa jirani alale. Hayo ni matatizo mawili, na la pili lina suluhisho la siku sita.

Jumapili hiyo alinikuta nikianika blanketi.

"Kijana, ulimrudisha lini yule mbwa?"

Nikamwonyesha dirishani. Pingi alikuwa amelala ndani ya kizimba, mlango wazi. Mama alimtazama kitambo, akaniuliza kama tayari anaweza kubweka mwizi akija.

Kwa hiyo ukichukua kijibwa kwenye nyumba za kubanana kama zetu, anza na jirani: mwambie mapema, mpe namba yako ya simu. Kisha weka kengele. Akifika miezi mitatu mpeleke chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama halali nje. Na ukiwa na njia iliyokufaa zaidi ya hii, tuandikie, tujifunze sote. Wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata.