Njia ya Butahu: tulipanda wote, tukashuka wote

Wengi mmetuomba tuwaandikie juu ya safari yetu ya mlimani, na leo tunatimiza ahadi.

Tulikuwa wamama tisa wa likelemba moja. Kila siku tukiwa shambani, katika kakao na kahawa ya Mutwanga, mlima Ruwenzori uko mbele ya macho yetu, umejifunika mawingu. Waume na kaka zetu wengi wamebeba mizigo ya wageni huko juu. Sisi tumebeba bidoni, kuni na watoto, lakini njia ile tuliijua kwa masimulizi tu.

Aliyeleta wazo ni koko wa kundi letu. Marehemu mume wake alikuwa mbebaji. Kila aliporudi alimsimulia juu ya ziwa lenye maji ya kijani, na lingine jeusi, na barafu inayong'aa asubuhi. Koko akatuambia: "Mimi nataka kuona mahali mume wangu aliacha nguvu zake." Tukaweka franka kidogo kila juma, miezi mingi, mpaka ikatosha kulipa Parke, kiongozi, wabebaji wawili na chakula. Tulichagua mwezi wa saba, wakati mvua imepungua. Tukapatana sheria moja tu: tunapanda pamoja, tunashuka pamoja.

Siku ya kwanza tulitoka asubuhi na kiongozi wetu na mlinzi wa Parke. Njia inafuata bonde la mto Butahu, ule ule tunaofulia nguo kule chini. Kwanza ni mashamba, halafu unaingia chini ya miti mikubwa, na sauti ya kijiji inakatika. Tulianza kwa mwendo wa haraka, tukicheka na kuimba. Kiongozi akatusimamisha: "Wamama, hapa si sokoni. Anayetembea polepole ndiye atangulie." Tukamweka koko mbele, na wote tukafuata mwendo wake. Ilikuwa shauri nzuri, kwa sababu hakuna aliyeachwa nyuma hata mara moja. Jioni tulifika Kalonge, nyumba ya kwanza ya kulala, kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Tukapika fufu na sambaza, tukalala vizuri.

Siku ya pili ndiyo iliyotufundisha. Ukitoka Kalonge unapita katika mianzi, na matope yanameza mguu mpaka gotini. Boti za mpira zilitufaa kuliko viatu vya bei kubwa. Baada ya mianzi inakuja miti ambayo hatukuwahi kuona: imepinda, imejaa kuvu na nyuzi ndefu zinazoning'inia kama ndevu za mzee. Unakanyaga mizizi, si udongo. Wakati wa kupumzika kiongozi alitusimulia kwamba mwaka 1906 Luigi Amedeo, wa ukoo wa kifalme wa Italia, alipanda kutoka upande wa Uganda, akafika na wenzake kwenye kilele kirefu kuliko vyote, mita 5,109. Akakipa jina la malkia wao, Margherita. Mwaka 1932 Wabelgiji walipanda kwa bonde letu hili la Butahu. Koko akauliza: "Na waliobeba mizigo yao, wao walipewa kilele gani?" Hakuna aliyemjibu.

Tulifika Mahangu, kama mita 3,300, tukiwa tumelowana. Baridi ya pale si baridi ya Butembo. Inaingia katika mifupa. Tulivaa vikwembe juu ya makoti, tukakaa karibu na moto. Kiongozi akatuonyesha kwa mkono jinsi njia inavyoendelea: kesho Kiondo, kama mita 4,200, halafu maziwa, halafu barafu. Kule juu kati ya vilele kuna mapito ambako mtu anaweza kuvuka kutoka bonde moja kwenda lingine. Upande ule ni Uganda, na watu wa miteremko yake ni Bakonzo, wanaosema lugha moja na sisi Banande. Mpaka umechorwa juu ya mlima, lakini ndugu wako pande zote mbili.

Usiku ule mama mdogo kuliko wote katika kundi alianza kuumwa kichwa. Mwanzoni alinyamaza, akiona haya kutuharibia safari. Kufikia saa nane ya usiku alikuwa anatapika, na alipotaka kusimama aliyumba kama mlevi. Kiongozi alimtazama, akasema: "Huu ni ugonjwa wa mlima. Hewa ya huku ni nyembamba. Dawa yake ya kwanza ni kushuka, na kesho asipande hata hatua moja."

Ndipo maneno yakaanza. Mwenzetu mmoja alisema mgonjwa ashuke na mbebaji, wengine tuendelee, kwani franka zimekwisha kulipwa. Mwingine alisema tungoje siku moja. Tusiwafiche, sauti zilipanda. Kila mmoja alikuwa ameacha watoto, ameacha shamba, na alijua hatapata nafasi nyingine kwa haraka. Tukamgeukia koko, maana safari ilikuwa yake.

Koko alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema: "Mume wangu alinihesabia mara nyingi mizigo aliyopandisha. Lakini siku aliyojivuna nayo ni siku alipomshusha mwenzake mgongoni, akiwa hai. Funga mizigo."

Kulipopambazuka tulishuka. Mgonjwa tulimshika mkono kwa zamu. Tulipofika Kalonge alikuwa ameomba chai, na tulipokaribia mashamba ya kwanza alikuwa anatembea mwenyewe. Koko alisimama mara moja tu, akatazama nyuma, bondeni kwa juu, mawingu yakiwa yamefunga kila kitu. Akamuuliza kiongozi kama barafu ya mume wake bado ipo. Kiongozi akamwambia ukweli: ipo, lakini imebaki kidogo. Mwaka 1906 ilifunika kama kilomita za mraba 6.5, na mwanzoni mwa karne hii ilikuwa imeshuka chini ya 1. Tukaogopa kwamba mto nao utakauka. Akatueleza kwamba maji ya mito hii yanatoka zaidi kwa mvua na msitu unaoishika, kuliko kwa barafu. Tangu siku ile, mtu akituletea makala yaliyochomwa ndani ya Parke, tunaanza kwanza kuongea naye juu ya mto.

Wengine walitucheka: "Mlilipa franka zote zile, na hamkufika!" Tunawajibu kwamba tulifika Mahangu wote tisa, na tukarudi wote tisa.

Kama kundi lenu linafikiri safari kama hii, ulizeni kwanza ofisi ya Parke kama njia iko wazi, kwani vita imeifunga mara nyingi, na hakuna kilele kinachozidi uhai. Bebeni nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Kunyweni maji hata kama hamna kiu. Anayeumwa kichwa aseme mapema, na asichekwe. Na mpatane sheria yenu mkiwa bado nyumbani, kwa sababu usiku wa baridi ni mahali pabaya pa kuanza kuitafuta.

Koko bado anaweka franka zake kila juma. Anasema mara nyingine atafika Kiondo. Tumemwambia atatangulia yeye.