Kufundisha Utunzaji wa Matoleo kwa Vijisanduku vya Kiberiti

Zoezi nitakalolieleza humu lilizaliwa na kosa langu mwenyewe, na sioni njia ya kulieleza zoezi bila kulitaja kosa kwanza.

Mwaka 2017, mimi na walimu wanne wa shule za msingi za upande wa Mabatini, hapa Mwanza, tulitunga kijitabu cha kusoma kwa ajili ya watoto wa Darasa la Pili. Tangu 2015 mtaala wa madarasa mawili ya mwanzo ulikuwa umetilia mkazo stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK, nasi tuliona kwamba watoto wetu wanahitaji hadithi fupi zenye vitu wanavyoviona kila siku: mawe makubwa ya vilimani, nyumba zilizojengwa juu ya mawe hayo, daladala za barabara iendayo Musoma, dagaa, na Mto Mirongo.

Mto huo ndio uliotuponza. Wakati wa kiangazi Mirongo ni mfereji tu, ambao mtoto huuruka bila kulowa. Mvua kubwa ikinyesha vilimani, maji hushuka kwa pamoja na mto hufurika kwa muda mfupi sana. Katika rasimu ya kwanza mtoto aitwaye Juma huvuka mto kwa kukanyaga mawe, akiwahi shule. Mwenzetu mmoja, mama mtu mzima aliyefundisha miaka mingi kuliko sisi sote, alikataa. Alisema, "Tukiandika hivi, ni sisi tuliowatuma." Tukakubaliana naye. Tukaandika upya: Juma anangoja, mtu mzima anakuja, wanazunguka kwenda darajani.

Kazi yote ilikuwa katika kompyuta moja, nami ndiye niliyekuwa mtunzaji wake. Kila tulipofanya masahihisho nilihifadhi faili jipya kwa jina jipya: "kijitabu cha mwisho", "kijitabu cha mwisho kabisa", "kijitabu kilichosahihishwa 2". Yamkini nawe unayo majina kama hayo katika maandalio yako ya masomo. Siku ya kupeleka kazi kwa mpiga chapa nilichukua faili ambalo jina lake lilinipendeza. Zikatoka nakala 120, kwa fedha walizochanga wazazi.

Nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa, nikisikiliza, wakati mtoto mmoja aliposoma kwa sauti, vizuri kabisa, bila kusitasita: "Juma anavuka leo." Kisha akainua uso na kuuliza, "Mwalimu, mbona mama amenikataza?" Mwezi huo ulikuwa Novemba, na mvua zilikuwa zimeanza.

Tulianza kuvikusanya vijitabu siku hiyo hiyo. Vilirudi 113.

Mwaka uliofuata alinitembelea kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa hutunga programu za kompyuta. Nilipomweleza mkasa huo, hakunicheka. Alisema, "Mwalimu, watu wa kazi yetu walipata shida hiyo hiyo, wakaitengenezea chombo." Akanionyesha programu ya kutunza matoleo iitwayo Mercurial, iliyoanzishwa mwaka 2005, mwaka ule ule ilipoanzishwa nyingine iitwayo Git. Programu ya namna hii haikuachii kubuni majina ya faili. Kila unapoweka toleo, yenyewe hukumbuka limetokana na toleo gani, nani ameliweka na kwa sababu gani, na la zamani halifutiki. Tena, badala ya kuandika kila toleo zima upya, Mercurial aghalabu huandika tofauti tu: toa hiki, tia hiki. Ukitaka toleo fulani, huchukua maandishi ya msingi na kuyapitishia maagizo hayo moja baada ya jingine.

Kijana huyo alinieleza pia kwamba Juni 2018 watunzaji wa Mercurial walikuwa wametoa toleo la 4.6.1 ili kuziba kasoro katika sehemu hasa inayosoma maagizo hayo. Nilimwomba anieleze kasoro hizo kama anavyomweleza mtoto. Alishindwa. Basi tukaketi mezani, tukachukua viberiti vitupu, na zoezi ninalowafundisha wanachuo hadi leo likaanzia hapo.

Gundisha vijisanduku 16 vya kiberiti juu ya kadibodi ndefu, kwa mstari mmoja. Vipe namba kuanzia 0 hadi 15. Kama katika rula, tunaanza na sifuri. Katika kila kijisanduku tia herufi moja ya sentensi hii: JUMA ANAVUKA LEO. Nafasi kati ya maneno nayo hupewa kijisanduku chake, kikabaki kitupu. Kisha mpe mwanachuo mmoja kadi yenye agizo: 8, 12, 5, NGOJA. Maana yake ni hii: nakili herufi zote hadi ufike kijisanduku cha 8, hapo andika herufi 5 mpya, kisha endelea kunakili kuanzia kijisanduku cha 12. Atapata JUMA ANANGOJA LEO, herufi na nafasi 17 badala ya 16. Wanachuo wakifanya mara mbili tatu, huwa wameelewa jinsi mashine inavyojenga toleo jipya kutoka la zamani. Usiharakishe hapa.

Sasa weka kadibodi tatu za makundi matatu kwenye meza moja ndefu, zikigusana, na umpe mwanachuo wa kundi la kwanza kadi mbovu inayoanzia 40. Sharti ni moja: atii agizo kama lilivyo, asitumie akili yake. Atanakili herufi zake 16, kisha mkono wake utavuka mpaka na kuingia katika vijisanduku vya jirani, halafu vya kundi la tatu. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, katika kadibodi ya jirani nilikuwa nimeficha majibu ya jaribio la wiki ile. Msomaji aliyasoma kwa sauti, barua kwa barua, na darasa zima likanyamaza ghafla kwa usikivu ambao sijapata kuuona katika somo langu jingine lolote.

Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza. Kumbukumbu ya kompyuta ni mstari mmoja mrefu wa vijisanduku, na mpaka kati ya mali ya huyu na mali ya yule umo katika makubaliano tu. Sehemu kubwa ya Mercurial imeandikwa katika lugha ya Python, ambayo husimama yenyewe na kukataa ukitaka kusoma nje ya mpaka. Lakini sehemu ya kupitisha maagizo, kwa ajili ya wepesi, imeandikwa katika C, lugha aliyoitunga Dennis Ritchie huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. C humtii mtunzi kama yule mwanachuo wetu. Mtu mwenye nia mbaya akileta agizo bovu, programu yaweza kuanguka, au kusoma yasiyoihusu.

Kasoro ya pili inafaa sana somo la Hisabati, na hapa nitakaa kidogo. Mlinzi mwema atasema: "Kabla ya kusoma, jumlisha pa kuanzia na urefu, uone kama jumla imezidi 16." Ni sawa, ila kompyuta huandika namba katika nafasi yenye ukubwa maalumu. Chukua abakasi yenye vijiti viwili tu, vya makumi na mamoja. Pa kuanzia ni 97, urefu ni 8. Jumla ni 105, lakini mamia hayana kijiti, hivyo abakasi inaonyesha 05. Mlinzi anatazama, anaona 5 ni ndogo kuliko 16, anafungua mlango. Katika namba ya baiti nne yenye alama ya hasi au chanya, kikomo ni 2,147,483,647. Ukikivuka, jumla huweza kuangukia upande wa hasi, na mlinzi hudanganyika vivyo hivyo.

Dawa yake ni kuuliza kwa kutoa. Kwanza: je, pa kuanzia pamezidi 16? 97 inakataliwa papo hapo. Kama hapajazidi, uliza: zimebaki ngapi kutoka hapo hadi mwisho, na je, urefu unaotakiwa umezidi zilizobaki? Miaka mingi nimewaambia watoto kwamba kutoa ni kinyume cha kujumlisha, bila kuwa na mfano ambao kuchagua kimoja badala ya kingine kuna madhara. Wanachuo wenye abakasi mkononi huliona jambo hili haraka kuliko wenye kikokotoo, kwa sababu wanakigusa kijiti kisichokuwapo.

Ya tatu ni fupi. Kila agizo huanza kwa namba tatu, kila moja baiti nne, jumla baiti 12. Programu haikuhakikisha sawasawa kwamba baiti 12 zimebaki kabla ya kuzisoma. Chana kadi katikati, umpe mwanachuo kipande. Utamwona anatafuta namba zilizosalia katika kadi ya mwenziwe.

Wanachuo hupenda kutengeneza kadi nzuri na kushangilia zikifanya kazi. Wazuie. Watunze pia kadi mbovu, wazipitishe kabla ya kuweka mlinzi ili waone kosa likitokea, kisha wazipitishe baada ya kumweka. Kadi isiyoonyesha kosa kabla ya marekebisho haijathibitisha marekebisho. Watunzaji wa Mercurial huhifadhi majaribio yao katika faili zenye amri na, chini ya kila amri, majibu yanayotarajiwa. Mashine huendesha amri na kulinganisha majibu neno kwa neno. Mwalimu atalitambua hilo mara moja: ni mwongozo wa kusahihisha.

Na mwongozo wa kusahihisha nao hukosea, kama nilivyofundishwa tulipofika kwenye alamisho.

Alamisho ni jina unalolibandika kwenye toleo fulani, mfano "la-kuchapa". Laiti ningekuwa nalo mwaka 2017! Darasani tunafunga kamba ya kuanikia nguo, tunaning'iniza karatasi za matoleo kwa mpangilio, na kibanio cha rangi kinakuwa alamisho. Ukiwa unafanya kazi juu ya alamisho na kuongeza toleo, kibanio husogea pamoja nawe hadi toleo jipya. Je, ukirudi kwenye toleo la zamani kwa kutaja namba yake, bila kutaja alamisho, kisha ukaongeza karatasi pale? Katika mwongozo wangu niliandika kwamba kibanio kitakufuata. Mwanachuo mmoja, binti mkimya wa mwaka wa kwanza, akasema, "Samahani Mwalimu, kikifuata, basi kosa lako la kijitabu litarudi." Nilimjibu kwa maneno ambayo sasa nayaonea haya. Baada ya kipindi tuliliendesha jambo hilo kwenye kompyuta. Kibanio kilibaki pale pale. Tawi jipya likachipua pembeni bila alamisho. Niliufuta mstari wangu mbele ya darasa kesho yake na kumwita yeye aandike uliokuwa sahihi.

Tangu hapo wanachuo ndio huandika mwongozo wa utaratibu huo, hatua kwa hatua: bandika, ongeza, tazama, rudi nyuma, ongeza, tazama, futa, tazama kama toleo lenyewe bado lipo. (Lipo.) Hatua inayozua mjadala mrefu kuliko zote ni pale makundi mawili yanapokisogeza kibanio cha jina moja kuelekea karatasi mbili tofauti. Mercurial haimpi ushindi aliyechelewa. Huliacha alamisho lako lilipo, na la mwenzio huliweka kando likiwa na jina lile lile lililoongezewa alama na jina la lilikotoka. Wanachuo huuliza kila mwaka: nani basi anaamua? Huwajibu kwamba wakae chini wazungumze, na huwa hawaridhiki na jibu hilo.

Kijitabu tulikichapa upya, na safari hii yule mama ndiye aliyelitazama alamisho kwa macho yake kabla faili halijaondoka. Vile 113 tulivigeuza karatasi za mazoezi, baada ya kuichana kurasa ya Juma. Miaka mitatu baadaye nilinunua karanga kituoni Mabatini, nikapewa zimefungwa katika karatasi niliyoitambua kwa michoro yake. Ilikuwa kurasa ya nne, ya dagaa. Nilimwuliza muuzaji kama anazo nyingine za namna hiyo. Akanionyesha rundo dogo chini ya beseni, nami nikanunua karanga za kutosha kulimaliza rundo lote.