Mlango wa Kutokea

Kwa miaka mingi akina mama wenzangu wa makambini hapa Kampala wamenijia na swali moja, nao huliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kuta za kota zina masikio. Juma lililopita aliniuliza mke wa askari polisi, binti mdogo mwenye mtoto mgongoni: “Mama, nitajuaje kama kundi hili la maombi nililomo linamtumikia Mungu au linatupotosha?” Nilimjibu kwa kumsimulia yaliyonipata mimi mwenyewe, na sasa nimeona vema niwasimulie na wasomaji.

Mwaka 2010 mume wangu alikuwa Mogadishu, miongoni mwa askari wetu waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Usiku wa tarehe 11 Julai mwaka huo, watu walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka Kabalagala na katika uwanja wa raga wa Kyadondo, yakaua watu zaidi ya 70. Al-Shabaab walitangaza kwamba walikuwa wakilipiza kisasi kwa sababu ya majeshi yetu kuwako Somalia. Aliyewahi kulala peke yake na watoto huku mumewe yuko vitani ataifahamu hali yangu bila ya mimi kuieleza. Simu ikilia usiku, moyo ulinipasuka kabla sijaipokea.

Hapo ndipo jirani yangu aliponichukua kwenda kundi la maombi lililokutana katika nyumba ya kupanga upande wa Kireka. Jina lake sitalitaja. Nasema kweli tupu: walinipenda. Mwanangu alipougua malaria walileta uji, wakanifulia nguo, wakakesha nami. Husemwa kwamba waingiao makundi ya namna hii ni wajinga. Mimi naona wengi wao waliingia kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyewaletea uji siku ambayo hakuna mwingine aliyebisha hodi.

Mambo yalibadilika polepole mno, hata sikuyatambua. Kwanza tuliambiwa tusizoeane na wanawake wa kambini wasiookoka. Kisha kila mmoja akatakiwa kueleza ndoto zake mbele ya mtumishi, kisha na makosa ya wenzake. Baadaye nikaagizwa nimweleze mtumishi yale niliyozungumza na mume wangu kwa simu, ili ayaombee. Fedha nilitoa, tena nyingi, wala sikudai stakabadhi. Mwishowe nikaambiwa nilete hati ya mauziano ya kibanja tulichonunua kwa posho ya Somalia, ipate kubarikiwa.

Siku niliyoipeleka nilikuwa nimeificha katika mkoba, chini ya kitenge. Kabla ya kuitoa niliuliza, kwa adabu kabisa, “Mtumishi, nikiihitaji tena nitaipata lini?” Chumba kizima kilinyamaza. Mtumishi hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, akasema kwamba swali hilo si langu, ni la Shetani. Na kwamba dada mmoja aliyetuacha mwaka uliopita alimpokea mumewe ndani ya jeneza.

Wasomaji wenye waume na wana walioko kazini watajua neno hilo lilivyonichoma. Nilitaka kutoka nje nivute pumzi. Geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mzee wa kundi, kama ilivyokuwa desturi yetu wakati wa ibada. Miezi mingi nilikuwa nimeliona kufuli lile wala sikulitia maanani. Siku ile nikaikumbuka Kanungu.

Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa nchi yetu, mamia ya wafuasi wa Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo la ibada ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamepigiliwa misumari. Viongozi wao walikuwa Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde aliyedai kutokewa na Bikira Maria, na Dominic Kataribaabo, padre wa zamani aliyesoma mpaka Marekani. Asitudanganye mtu, basi, kwamba elimu peke yake ni kinga. Walikuwa wametabiri kwamba dunia ingefikia mwisho karne ilipokuwa ikimalizika. Haikwisha, na wafuasi waliokuwa wameuza mashamba na ng’ombe wakaanza kuulizia mali zao. Majuma yaliyofuata moto ule, makaburi ya halaiki yalifukuliwa mahali pengine, na mwezi wa Aprili hapa hapa Kampala, Buziga, zikatolewa maiti 55 katika nyumba aliyoitumia Kataribaabo.

Wafuasi wale walifunga, wakanyamaza, wakawasiliana kwa ishara. Lakini watawa nao hufunga na hunyamaza, na mtawa akichoka na nadhiri huomba ruhusa akarudi kwao.

Niliondoka na hati yangu, nikisema mtoto ameachwa peke yake. Sikurudi tena. Muda wa miezi saba niliishi na lile jeneza kichwani. Nilipoteza marafiki wote niliokuwa nao, maana wale wa kambini nilikwisha kuwatupa mwenyewe. Mume wangu alirejea mwaka 2011, mzima. Nilipomweleza habari za fedha alikaa kimya hadi usiku, kisha akauliza kama hati ipo. Ilikuwapo.

Yule binti alikuwa na swali la pili. Shemeji yake amejitoa katika kanisa la Wamormoni, ambalo jina lake kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na majirani wanasema wote ni wamoja na watu wa Kanungu. Sikukubali. Kanisa hilo lilianzishwa na Joseph Smith huko Marekani mwaka 1830. Waumini wake hutoa fungu la kumi, wana kitabu chao pamoja na Biblia, hawanywi pombe, kahawa wala chai ya majani. (Kwa chai mimi nisingedumu siku mbili.) Ugeni wa mafundisho si ushahidi. Kijana yule aliandika barua akaomba jina lake lifutwe, na kanisa lina utaratibu wa barua hiyo. Leo anakula kwa mama yake kama kawaida. Hata hivyo kutoka kwake si bure. Asiye na cheti cha viongozi haingii hekaluni, hivyo dada yake akifungia ndoa humo yeye atangoja nje. Jambo hilo linauma, na ana haki ya kulinung’unikia. Lakini kungoja nje ya harusi si sawa na kutishiwa jeneza.

Nilimwuliza binti yule: huko kwenu, wakati wa maombi, ufunguo hukaa kwa nani? Alimweka mtoto vizuri mgongoni kabla ya kujibu kwamba hukaa kwa mtumishi. Tulikubaliana kwamba ibada ijayo aombe kutoka mapema, asikilize watakavyomjibu. Na kwamba mumewe aambiwe kwanza nyumba yenyewe iko wapi na saa ngapi yampasa kumwona mkewe amerudi.