Moto Hauna Kosa

Nimefunga duka mwaka huu, na vijana wanaokuja kununua vyombo vyangu wananiuliza jambo lile lile: kwa nini fundi aliyenifunza usonara aliikataa tochi ya gesi? Nijibu mara moja, yaishe.

Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa. Nikasoma chuoni, nikaenda skuli, kisha nikakabidhiwa kwa fundi kabla sijaota ndevu. Kwanza nilifagia. Vumbi la sonara halimwagwi, mna fedha ndani yake. Fedha yenyewe tuliipata kwa kuyeyusha riale za Maria Theresa, zile ambazo zote zimeandikwa 1780 hata zikiwa zimepigwa juzi. Kila moja ina gramu 28 na ushei; katika sehemu 1,000, fedha ni 833, zilizobaki ni shaba.

Fundi alilehemu kwa taa ya mafuta na mrija. Alijaza mashavu upepo, akavuta pumzi kwa pua bila kuukata ule wa mdomoni, na mwali ukanyooka mwembamba hadi kwenye pete iliyolazwa juu ya mkaa. Nilipoleta tochi ndogo ya butani aliitazama, akasema, "Mwanangu, moto usiotoka kifuani mwako haukutii."

Tulibishana hadi alipokufa, Mungu amrehemu. Hoja yake ilikuwa na uzito: nyaya nyembamba za urembo huyeyuka kufumba na kufumbua, na pumzi hupunguzwa papo hapo. Lakini tochi nayo ina kifundo cha kupunguzia, na haimkohozi mtu usiku kucha. Nashikilia hivyo mpaka leo.

Siri iko kwenye jicho. Lehemu ya fedha tuliyoitumia huyeyuka kwenye nyuzi joto 700 na kitu. Fedha ya riale, kwa ile shaba iliyomo, huanza kuyeyuka kwenye 780 hivi. Kazi yote imo katika nafasi hiyo finyu. Paka boraksi, ipashe taratibu. Itafura, itatulia, kisha itang'aa kama kioo. Zungusha mwali, uanzie kipande kinene, na ncha ya buluu isiguse kazi. Usiichome lehemu yenyewe: lehemu hufuata joto. Pasha pete mpaka iwe nyekundu ya kufifia, nayo itametameta na kujipenyeza kwenye ufa. Hapo ondoa moto. Asiyeijua rangi hiyo ataharibu kwa mrija na kwa tochi sawasawa.

Jirani yangu mmoja hakutaka taabu hiyo. Aliunga vikuku vya watu kwa lehemu ya bati na risasi, inayoyeyuka hata kabla ya nyuzi 200, akatoza bei ya fedha. Vilipokatika, wenyewe waliniletea mimi. Ukivitia moto mkali, risasi iliyobaki huila fedha na kuacha mashimo, na lawama humwangukia aliyeshika tochi. Simtaji, ghorofa lake linaonekana.

Basi vijana, tochi nunueni, wala msione haya. Ila kikuku cha kale kikiletwa, kwangueni risasi yote kabla ya kuwasha moto, na mwambieni mwenyewe mnaunga kwa lehemu gani. Risasi msiitie kwenye fedha ya mtu.