Baa ya siri na tamaa ya kilichofichwa

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Je, baa inayojificha tuiweke wapi?

Mwaka wa 1920 Marekani ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa vileo. Wanywaji wa New York hawakutubu. Walihamia vyumba vya chini na nyuma ya maduka, wakawa wanagonga mlango na kuchunguliwa kwanza kabla ya kufunguliwa. Katika baa ya "21" Club, chupa zilifichwa nyuma ya mlango mzito uliofanana na ukuta, ukifunguliwa kwa waya mwembamba uliopenyezwa katika kitundu. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka wa 1933.

Hata hivyo, mwaka wa 2007 jijini humo ilifunguliwa baa iitwayo PDT, ambayo mteja huingia kwa kupitia kibanda cha simu ndani ya duka la soseji. Hakuna askari anayekimbiwa. Mimi naona kinachonunuliwa hapo ni fahari ya kujua wasichokijua wenzako. Kumbe kujificha nako ni kujitembeza!

Hapa kwetu chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, hadi 2010. Mama aliyeipika kwa siri ili apate karo ya wanawe hakuona fahari yoyote, alihofia seli.

Vijana wetu wanaovutiwa na milango ya siri wakumbuke hilo. Maficho ni mchezo kwa mwenye pesa. Kwa maskini yalikuwa hofu ya kila usiku.